Komeo

Ziwa letu la chumvi halina haraka.
Bawaba linaila kwa miaka minne,
msumari kwa miwili,
na komeo la choo cha wanawake
lililiwa kabla sijajua kusoma neno WANAWAKE.

Nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha pale ufukweni Singidani,
ndoo ya plastiki, chumvi kwenye kipande cha gazeti,
Jumapili watu wakija kupigwa picha na heroe.
Haja ikinibana nilikuwa na njia mbili:
nyuma ya jiwe kubwa lile, ambako upepo haufichi siri,
au ndani, mguu mmoja umenyooshwa kuuzuia mlango,
ndoo kichwani, maana sakafu ilikuwa ziwa la pili.
Hivyo ndivyo wasichana wa Singida tulivyojifunza
kusimama kwa mguu mmoja
kama wale ndege waliokuja kutazamwa.

Leo nimerudi na pima maji, mwiko, nyundo ya mpira,
na karatasi ya manispaa yenye mhuri wa bluu:
UKARABATI WA VYOO VYA UMMA, MATUNDU MANANE.
Msengi anabomoa, mimi nabandika vigae.
Kila plasta inayoanguka inaanguka na maneno yake:
namba ya simu yenye tarakimu tisa tu,
SHILA NISAMEHE,
MWAGA MAJI, NA WEWE NI MTU,
na hesabu ya mwanamke fulani
aliyegawa elfu saba kwa vichwa vitatu
akakwama kwenye baki.

Mama Ntandu amekaa juu ya tofali, anatutazama.
Miaka kumi na tisa mlangoni hapa,
sarafu kwenye kopo la maziwa,
karatasi amezikata vipande vitatu vitatu.
"Mwenye tumbo la kuendesha," anasema,
"nilimwongezea bila kumwambia."
Kisha:
"Kwenye huo mchoro wenu, mimi niko wapi?"

Nakunjua mchoro. Upepo unaudaka.
Tunaubana kwa mawe manne.
Mshale wa maji safi, mshale wa majitaka,
mteremko wa kiti cha magurudumu
(hilo jema, nalisema wazi),
sinki tatu, kioo,
kijisanduku cha kulipia kwa simu.
Natembeza kidole
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya darasa la saba.
"Hapa," nasema, penye weupe kati ya milango miwili.
"Pameandikwa nini?"
"Hapajaandikwa."
"Basi ndipo hapo."

Alhamisi akaja afisa, akahesabu maboksi.
"Vigae kumi na viwili viko wapi?"
Nikamjibu vimevunjika.
Kweli vilikuwa vimevunjika.
Nilivivunja mwenyewe, kwa nyundo, alfajiri,
vipande vya kutosha kuvika benchi la saruji
la upana wa mtu mmoja na kopo lake.
Akaliangalia. Akaangalia saa.
Akaandika kitu ambacho sikukiona.

Cha mwisho ni makomeo.
Chuma kisichoshika kutu, muuzaji ameapa.
Ziwa halijaapa.
Nimeyafunga kwa skrubu ndefu kuliko nilizoagizwa,
manane, na kila moja nimelijaribu mara kumi,
na ndoano juu yake,
ya kutundikia kitenge, mkoba, ndoo ya mayai.

Utepe bado. Rangi ya mlango bado inanata.
Mama Ntandu hakungoja mheshimiwa yeyote.
Ameniachia kopo lake nilishike,
ameingia tundu la tatu,
na nimesikia chuma kikiingia kwenye chuma: ka.

Humo amekaa muda uliozidi haja yoyote.
Sikuuliza.
Msengi amezima mashine ya kukatia vigae.
Ninachojua ni kimoja:
miguu yake yote miwili iko chini.